Shajara ya mradi: Muziki mpya ndani ya Benzi W124 bila kukata kitu

Kabla ya kuanza

Gari ni Mercedes E220, bodi ya W124, ya 1994, stelingi kulia, iliuzwa mpya hapa hapa Kenya na uzee wake wote umekuwa Mombasa. W124 zilianza kutoka mwisho wa 1984, halafu 1993 ndo wakahamisha ile herufi E ikaja mbele ya namba, kwa ivo ukiona 220E jua ni ya kabla na ukiona E220 ni ya baadaye. Injini safi, AC inaganda, viti havijachanika. Muziki ndo ulikuwa umekufa. Redio ya Becker ya kaseti inawaka vizuri lakini spika ya mbele kushoto kimya kabisa, ya kulia inakwaruza, za nyuma zinanguruma ukipandisha sauti kidogo tu, na antena ya umeme ikipanda inalia krrr halafu inaishia nusu.

Mzee aliyeniuzia anakaa Ganjoni, siku ya kukabidhiana logibuku aliniambia jambo moja tu, "Mwanangu, gari ni yako sasa, ila mbao zile usizikate." Nikamjibu, "Mzee, inshallah hazitaguswa." Na hata asingesema singezikata, manake nshaona W124 ngapi hapa mjini zimechanwa pale katikati ya dashibodi ili skrini kubwa ya Android iingie. Tundu la redio la hii gari ni la DIN moja, yani upana milimita 180 na kimo 50 hivi, skrini ya DIN mbili inataka kimo cha 100, sasa hizo 50 za ziada zinatoka wapi kama si kwenye mbao na kile kisanduku cha chini yake? Ukishapitisha msumeno hapo hakuna kurudi nyuma, mbao za rangi ile ile hupati tena, na gari iliyokuwa inaheshimika inabaki na kidonda usoni.

Kwa ivo sharti la mradi ni hili, chochote kitakachoingia kiweze kutoka kwa bisibisi na gari irudi ilivyotoka kiwandani. Na pesa inaanzia kwenye waya, spika baadaye. Watu wengi hufanya kinyume, wananunua spika za bei halafu wanaziunganisha na waya nyembamba kama uzi na ethi (waya ya kurudisha umeme kwenye bodi ya gari) iliyofungwa juu ya rangi, mwisho wanasema spika ni feki.

Shemeji yangu alipita jioni akaangalia akasema, "Shemeji, weka spika mbili za besi za inchi kumi na mbili kwa buti, ukifika Nyali Bridge tukusikie Kongowea." Nikamwambia hapana, mi nataka kusikia kidole cha mpiga udi kinavyogusa uzi, na dumbaki nilisikie lilivyo, bas. Hakukubali lakini alibaki kunisaidia kutoa viti.

Jumamosi, kufungua

Kabla ya redio nilifungua boneti. Ukiwa na Benzi za miaka hiyo, hasa kati ya 1992 na 1995 hivi, angalia kwanza waya za injini, manake plastiki walizofunikia zile waya zilikuwa zinaoza kwa joto, zinapasuka na kumeguka mpaka shaba inabaki wazi, na hapo ukianza kuvutavuta waya ili upitishe kebo yako unaweza kuzalisha shoti ambayo haina uhusiano na muziki hata kidogo. Hii yangu mzee alishabadilisha, risiti ilikuwa kwenye faili ya gari. Kama yako haijabadilishwa anza na hiyo, muziki utangoja.

Pia tafuta kodi, yani namba ya siri, ya Becker kabla hujatoa betri. Redio hizi zikikosa umeme zinajifunga na zinataka namba. Kadi yangu ilikuwa ndani ya kijitabu cha gari, nikaipiga picha.

Becker inatoka kwa funguo mbili bapa unazozisukuma kwenye vijitundu vya pembeni mpaka zishike halafu unavuta sawasawa pande zote mbili. Ilitoka laini. Nyuma yake ndo kulikuwa na kazi. Fundi fulani wa zamani alishakata plagi ya kiwanda, akasokota waya kwa vidole, akazungushia tepu nyeusi. Kwa joto la huku ile gundi ya tepu ilishayeyuka ikawa uji mweusi unaonata kila mahali, tepu yenyewe imejifungua, na viungo vyote viko wazi. Nilipokunja mmoja kidogo tu ukakatika mkononi. Nikachuna mpira wake, shaba ilikuwa kijani, nikachuna tena mbele, bado kijani, mpaka nikafika mahali inapong'aa nilikuwa nshapoteza urefu wa kidole kizima. Hii ndo hewa ya chumvi. Gari ya bara ingekaa na kiungo kibaya miaka na ikaendelea kuimba, huku pwani unyevu unaingia ndani ya waya unapanda kwa ndani ukiwa huoni chochote kwa nje.

Jambo la kukumbuka kwa magari ya Kijerumani, ethi ni waya ya kahawia. Kahawia, sio nyeusi. Mtu aliyezoea waya za redio za dukani anaona nyeusi anadhani ndo ethi na kumbe ni kitu kingine. Mi sikuamini rangi hata moja, nilichukua mita nikapima waya moja moja, swichi ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, taa zikiwa zimezimwa na zimewashwa, nikabandika vikaratasi. Ile yenye volti muda wote ni ya kumbukumbu ya redio, ile inayokuja na ufunguo ni ya kuwasha, ile inayokuja na taa ndogo ni ya mwanga wa usiku. Ukizipishana hizo mbili za kwanza redio itafanya kazi lakini itasahau stesheni kila ukizima gari, na ni kitu cha kawaida sana kwa magari ya Ulaya.

Jumapili, spika za dashi

Spika za mbele za W124 ziko juu ya dashibodi kwenye pembe mbili, chini ya kioo, ni inchi 4. Wavu wake ni plastiki ya miaka thelathini iliyopigwa na jua la Mombasa kupitia kioo cha mbele, kwa ivo usiuvamie. Nilipaki kivulini tangu asubuhi, nikafunika dashi kwa kitambaa, nikatumia kijiti cha plastiki bapa sio bisibisi, nikainua kidogo upande huu na kidogo upande ule. Ya kulia ilitoka nzima. Ya kushoto ikadondosha kijino kimoja cha nyuma, nimekigundisha, kinashika.

Spika yenyewe ya kushoto nilipoitazama koni ya karatasi ilikuwa bado ina umbo, lakini nilipoigusa ukingoni kwa ncha ya kidole ule ukingo wa sponji ukageuka unga, unga mweusi unaonata, ukamwagikia ndani ya tundu. Karatasi ikabaki imeshikiliwa na ile buibui ya chini (kitambaa kinachoshika koili) peke yake. Ndo maana ilikuwa kimya, koili ilishajikwaruza mpaka ikakatika waya. Nilivuta vumbi lote kwa brashi na kivyonzi kabla ya kuendelea manake chini yake kuna njia ya hewa ya AC.

Sasa spika mpya nilichagua inchi 4 za koaksia, zile zenye twita (kispika cha sauti za juu) katikati, ukingo wa mpira na koni ya plastiki ngumu. Mpira ndo wa maana hapa, sponji huku haina maisha. Nilipima kina cha tundu kwa rula kabla ya kwenda dukani na sumaku ikaingia bila kugusa chochote. Zinapokea wati 40 za kudumu, usiangalie ile namba kubwa ya boksi, hiyo ni ya kuuzia.

Watu watauliza mbona sijaweka za milangoni. Jibu ni lile lile, milango yangu haina matundu ya spika na sikati. Kuna gharama, sikatai, inchi 4 haiwezi kushuka chini na ukiilazimisha inalia vibaya. Dawa yake ni kuikatia besi yote ya chini kwa krosova (kichujio kinachogawa sauti za juu na za chini) na kuiacha ifanye inachokijua, sauti za watu, udi, violini, zumari, na besi ibebwe na kitu kingine. Na pembe zile zina faida moja kubwa, sauti inapiga kioo na kukujia usoni, mwimbaji anasimama mbele yako juu ya dashi badala ya kuimba kutoka kwenye magoti.

Katikati ya wiki, waya

Nilizunguka maduka ya Mwembe Tayari na mitaa ya karibu kutafuta kebo. Hapa tafadhali soma pole pole.

Kebo nyingi zinazouzwa na seti za ampu (kikuza sauti) sio shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwa nje zinafanana kabisa, nene, mpira mwekundu unaong'aa. Aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa ivo kebo ya namba 4 (kipimo cha unene) ya aluminiamu kwa kazi ni nyembamba kuliko namba 4 ya shaba. Hiyo bara wanaweza kuivumilia. Huku kuna tatizo la pili lililo baya zaidi, aluminiamu ikikutana na shaba au shaba nyeupe ya terminali kwenye unyevu wenye chumvi inaliwa, inatoa unga mweupe, kiungo kinapata ukinzani, kinapata joto. Kebo ya ampu iliyopata joto kwenye kiungo ni moto wa gari.

Kuijua ni rahisi. Muombe mwenye duka akate kipande, chukua uzi mmoja wa ndani, ukwangue kwa kisu. Kama ndani ni nyeupe weka chini. Duka la kwanza kijana akaniambia "bro hii ni original", nikakwangua mbele yake, nyeupe. Nilipopata ya shaba tupu ilikuwa bei karibu mara mbili na nililipa bila kubishana.

Hesabu nilivyoifanya. Ampu ni ya chaneli nne klasi D, chaneli mbili zinapiga mbele na mbili zimeunganishwa kupiga sabufa (spika ya besi) moja. Mbele wati 40 mara mbili, sabufa 200, jumla 280. Klasi D inapoteza kama asilimia 20, kwa ivo inavuta kama wati 350, gawa kwa volti 13.8 unapata ampea 25 ikiwa imepigwa mpaka juu bila kupumzika, na muziki wa kawaida haufiki hata nusu ya hapo. Altaneta yangu ni ya ampea 70 na AC haizimwi mji huu, kwa ivo ndo maana sikutaka ampu kubwa. Kebo ya shaba namba 4, ambayo ni kama milimita 21 za mraba, kwa mita 5 inapoteza sehemu moja ya kumi ya volti tu. Ni kubwa kuliko mahitaji ya leo lakini sitaki kurudi chini ya kapeti tena.

Jumamosi, kebo kuu

Kutoka betri, fyuzi ya ampea 50 ndani ya kisanduku chake, kabla ya sentimita 45. Fyuzi hii hailindi ampu, ampu ina fyuzi zake, hii inalinda kebo, ikijakwaruzika kwenye bati katikati ya safari ikagusa bodi, fyuzi inakatika na gari inabaki. Bila fyuzi hapo betri nzima inamwagika kwenye kebo. Nimeona gari mjini zenye fyuzi huko nyuma karibu na ampu, ile haina kazi yoyote.

Kupita ukuta wa injini nilitumia mpira wa kiwanda unaopitisha waya nyingine, nikautoboa kitundu kidogo kwa msumari wa moto na kusukuma kebo ikiwa imepakwa sabuni, halafu nikaziba kwa silikoni manake mvua ya masika ikianza maji yanatafuta. Kutoka hapo kebo ya umeme imepita upande wa kushoto chini ya kapeti kando ya milango, na zile za RCA zinazobeba sauti zimepita kulia. Mbali mbali. Ukizilaza pamoja unakaribisha kelele.

Kila kiungo nimekibana kwa koleo ya kubania, sio kwa praisi, halafu kile kimpira chenye gundi ndani ambacho kinanywea ukikipasha moto. Gundi inatoka pembeni kidogo, ukiiona hiyo jua unyevu hauingii. Hakuna tepu nyeusi hata kipande kwenye hii gari sasa. Terminali nimezipaka grisi. Shemeji alichoka akasema tunapoteza muda, nikamuonyesha ule waya wa kijani wa siku ya kwanza, akanyamaza akaendelea kubana.

Buti, na onyo

Kama una W124 sedan soma hii hata kama mengine umeruka. Tangi la petroli la hii gari haliko chini, limesimama nyuma ya kiti cha nyuma, ule ukuta wa mbele ndani ya buti ukiondoa kapeti na ubao wake unalikuta. Usipige skurubu yoyote kwenye ukuta ule. Fundi aliyezoea magari mengine anataka kufunga ampu mgongoni mwa kiti kwa skurubu za bati na dirili, na hapo ni petroli. Nasema hivi kwa moyo wote, mwambie kabla hajashika dirili.

Ampu yangu imekaa ubavuni kwenye ubao wa plaiwudi, na ubao umefungwa kwenye bolti zilizokuwepo. Ethi imeshika bolti ya bodi, nikakwangua rangi mpaka bati ling'ae, nikafunga, nikapaka rangi juu ya kiungo baada ya kukaza ili kutu isianze. Urefu wake haufiki nusu mita.

Tangi hilo hilo linaleta shida ya pili, besi ya kwenye buti haipiti kwenye kiti. Watu wanaweka sabufa kubwa, buti linatetemeka, namba ya gari inagonga, ndani ya gari hakuna kitu. Njia iliyobaki ni juu, kwenye rafu ya nyuma chini ya kioo. Nimetoa spika za nyuma zilizokufa, nimeziweka kwenye boksi pamoja na Becker na vikaratasi vyake, nikaacha wavu wake wa kiwanda mahali pake, na yale matundu mawili ndo mapito ya besi. Nilijaribu pia kutoa kile kisanduku cha huduma ya kwanza kilichomo kwenye rafu ili hewa ipite zaidi. Besi iliongezeka kidogo lakini kifuniko kikawa kinagonga kwenye nota fulani, nikakirudisha na kukizungushia kitambaa cha sufi. Bati la rafu kwa chini nimelibandika shiti za butili zenye foili. Zile za lami ni bei rahisi lakini gari ikilala juani Januari na Februari zinalainika, zinateleza na kutoa harufu, usiziweke.

Boksi la sabufa

Hii ndo sehemu niliyoifurahia kuliko zote. Kila maelezo yanasema MDF, yani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa. MDF huku inakunywa unyevu, kingo zinavimba, skurubu zinalegea, boksi linaanza kuvuja hewa. Nikaenda kwa seremala mmoja Mji wa Kale ambaye amewahi kufanya kazi za mashua, nikamwambia, "Fundi, nataka boksi lisilopitisha hata pumzi." Akauliza ni la nini, nikamweleza, akasema bas tutumie plaiwudi ya majini ya milimita 18, hiyo gundi yake haiogopi maji.

Kwa ndani ni sentimita 42 kwa 28 kwa 19, hiyo ni kama lita 22, ukitoa nafasi ya spika yenyewe unabaki na ishirini na kitu. Limefungwa kote, halina bomba la kutolea hewa. Boksi la bomba linapiga kwa nguvu zaidi kwa umeme ule ule, lakini linataka ukubwa na mahesabu, na kwa muziki wangu besi ya boksi lililofungwa inaanza na kukatika pale pale ngoma inapokatika. Sabufa ni inchi 10 ya kina kifupi.

Fundi hakupiga msumari. Aliunga pembe kwa gundi ya epoksi na skurubu za shaba nyeupe, akachanganya epoksi na vumbi la mbao la msumeno wake mwenyewe ikawa kama ugali laini, akaipitisha kwa kidole gumba kwenye kila pembe ya ndani, mwendo mmoja bila kuinua mkono mpaka mwisho. Halafu akaligeuza, akaziba tundu la spika kwa kipande cha plaiwudi na kuweka sikio karibu na kitundu cha waya huku mi nikikisukuma kipande hicho. Akasema hapa pana pumzi, mi sikusikia kitu, akaongeza tone moja. Mashallah, huo ni ufundi, na nililipa alichotaja.

Boksi limelazwa karibu na rafu likitazama juu, limefungwa kwa mikanda kwenye bolti zilizopo, na tairi la spea linatoka bila kuligusa.

Kelele ya altaneta

Kuwasha kwa mara ya kwanza, sauti nzuri, halafu nikawasha injini, wiiiii. Ukikanyaga mafuta inapanda, ukiachia inashuka. Wengi hapa hununua kile kifilta cha kuunga kwenye RCA. Kifilta kinaficha ugonjwa na kinakula besi, tafuta ugonjwa.

Nikachomoa RCA kwenye ampu, kimya. Kwa ivo ampu na ethi yake hazina kosa, kelele inakuja na RCA kutoka mbele. Nikaweka mita kwenye volti ndogo, ncha moja kwenye ethi ya redio, nyingine kwenye hasi ya betri kwa waya mrefu, injini ikizunguka, AC, taa na feni vyote vimewashwa. Inatakiwa isizidi 0.1. Nikasoma 0.4. Ile waya ya kahawia iliyokuwa ya redio ilikuwa inashirikiana na kiberiti cha gari na imechoka njiani, kwa ivo ethi ya redio na ethi ya ampu hazikuwa sawa, na tofauti yao inapita kwenye RCA kama kelele. Nikavuta waya mpya ya milimita 2.5 kutoka mgongo wa redio mpaka bolti ya bodi nyuma ya dashi, bati limekwanguliwa. Mita ikasoma 0.03, kelele ikaisha yote. Gharama ni nusu mita ya waya.

Antena

Mota ya antena ni nzima, kilichokatika ni ule uzi wa plastiki wenye meno unaosukuma mlingoti. Mlingoti pamoja na uzi wake unauzwa peke yake, huna haja ya kununua mota. Ukiunga, waya ya bluu tupu ya redio iende kwa antena na ile ya bluu yenye mstari mweupe iende kwa ampu, usizichanganye. Zikichanganywa antena itakuwa juu kila wakati hata ukicheza wimbo kutoka kwa simu, na mlingoti uliosimama juani na kwenye upepo wa bahari unaota kutu na kukwama. Sasa mota inazunguka nikifungua FM peke yake.

Kuseti

Redio mpya ni ya DIN moja, ina Bluetooth na matokeo matatu ya RCA, na mwanga wake unabadilika rangi, nimeupeleka kwenye ile rangi ya chungwa ya saa za W124. Usiku ukikaa nyuma ya stelingi hujui kama ni ya juzi.

Geini ya ampu (ile ya kulinganisha ampu na redio) sio kitufe cha sauti. Nilipima kwa mita, spika zikiwa zimechomolewa, toni ya hezi 1000 kwa mbele na hezi 50 kwa sabufa, redio ikiwa robo tatu, besi na trebo sifuri. Volti unayoitafuta ni kipeuo cha pili cha wati mara omu. Mbele wati 40 kwa omu 4 inakupa 160, kipeuo chake 12.6. Ampu inaweza kutoa zaidi lakini spika haiwezi kupokea, kwa ivo nimeseti kwa spika. Sabufa wati 200 kwa omu 4 ni volti 28.3. Nikafunga vifuniko nisiguse tena.

Krosova mbele inakata chini ya hezi 120, sabufa inakata juu ya 100. Nilianza na 80 kama wanavyosema wengi lakini zile inchi 4 zilikuwa zinahema, nikapandisha.

Halafu umbali. Ukikaa kulia spika ya kulia iko karibu, sauti ya udi yote inavutwa kwa mlango wako. Nikapima kwa tepu ya fundi nguo kutoka sikio, kulia sentimita 95, kushoto 150. Sauti inasafiri karibu mita 350 kwa sekunde kwa joto letu, tofauti ya sentimita 55 ni kama milisekunde 1.6. Redio inakubali kuandikiwa umbali na inachelewesha ya kulia yenyewe. Nilipobonyeza, mwimbaji akahama kutoka mlangoni akaja katikati ya dashi. Nilibonyeza nikazima na kuwasha mara nyingi ili kuwa na hakika, na ni kweli, anahama.

Barabarani

Nimeipeleka Bamburi mpaka Mtwapa na kurudi usiku, vioo juu. Kwa mwendo wa 80 hii gari bado imetulia, na kile nilichokitaka kipo, tashkota (kinanda cha nyuzi cha taarab) inasikika nyuzi zake, makofi ya waitikiaji yana mkono wa kila mtu, na besi ya gita haitoki kwenye buti inatoka mbele pamoja na wengine. Kwenye foleni ya feri Likoni injini ikiwa imezimwa nimeweka jicho kwenye volti, betri ikitulia inasoma 12.6, ikishuka 12.1 nazima muziki.

Jana nilipita Ganjoni. Mzee alikaa kiti cha mbele, akapapasa mbao kwanza kwa kiganja, kutoka mlangoni mpaka katikati, akatazama redio, halafu akasema, "Haya, tia kitu." Nikamwekea taarab ya zamani. Alisikiliza ikaisha, akaniambia niirudie.

Kilichobaki ni mlingoti wa antena ambao dukani wameniagizia, na mtetemo mdogo kwenye taa ya breki ya kioo cha nyuma unaokuja kwenye hezi 60 na kitu, nadhani ni klipu moja imelegea. Nikiipata nitaandika ni ipi, pamoja na picha za mchoro wa waya kwa wenye W124 wenzangu.